Walowezi wa Mayflower walikubaliana nini hasa mwaka 1620?

Mjadala wa katiba unapopamba moto katika nchi zetu, haupiti muda mrefu kabla mtu hajawataja walowezi wa kwanza wa Marekani. Huyu atasema kwamba katiba ya kwanza ya kidemokrasia duniani iliandikwa melini. Yule atasema kwamba abiria wa meli hiyo walimtangazia mfalme wa Uingereza kuwa hawamtambui tena. Mwingine ataongeza kwamba wote walikuwa wakimbizi wa dini waliopiga kura, wanaume kwa wanawake, kuamua namna ya kujitawala. Kila mwezi wa Novemba, Wamarekani wanapoadhimisha Siku ya Shukrani, madai hayo husambazwa upya kwenye simu zetu. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililo sahihi. Yote, hata hivyo, yanazunguka jambo lililotokea kweli, na jambo lenyewe linavutia zaidi likielezwa lilivyokuwa.

Tuanze na maneno, kwa kuwa nusu ya mkanganyiko imo humo. Mlowezi ni mtu aliyelowea, yaani aliyehamia nchi isiyo yake akiwa na nia ya kubaki na kuishi humo yeye na kizazi chake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno hili lina uchungu wake, na linaweza kumpeleka mbali na habari yenyewe. Walowezi Wazungu wa Kenya walipodai kujitawala katika miaka ya 1920, walitaka mamlaka juu ya Waafrika waliokuwa wengi kuliko wao kwa mbali, na serikali ya Uingereza ikawakatalia katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923. Abiria wa Mayflower walikuwa na swali tofauti siku walipotia nanga. Wao walikuwa wanajiuliza nani miongoni mwao ana haki ya kumwamuru mwenzake.

Neno la pili ni kujitawala, ambalo mara nyingi tunalichanganya na uhuru. Mtaa unaweza kuchagua mwenyekiti wake, ukapanga zamu za ulinzi wa usiku, ukaweka faini kwa anayetupa taka mtaroni, na bado hakuna mkazi hata mmoja anayedhani kwamba mtaa huo umejitenga na nchi. Huko ndiko kujitawala kunakozungumziwa hapa: kuendesha mambo ya ndani kwa viongozi na kanuni mlizoziridhia wenyewe, chini ya mamlaka kubwa ambayo hamjaikana.

La tatu ni hati. Katika karne ya 17 Mwingereza hakuweza kuvuka bahari na kuanzisha makazi kwa hiari yake tu. Mfalme alizipa kampuni za wafanyabiashara haki juu ya maeneo makubwa ya Amerika, nazo kampuni zikatoa hati kwa vikundi vilivyotaka kwenda kukaa humo. Hati ilitaja eneo, na iliwapa walioishika uwezo wa kuweka utaratibu wao ndani ya eneo hilo. Nje ya eneo hilo haikuwa na nguvu, kama vile hati ya kiwanja cha Kigamboni isivyoweza kukupa haki ya kujenga Bagamoyo, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni lako na mhuri ni halali.

Meli ya Mayflower iliondoka Plymouth, Uingereza, mwezi Septemba 1620 ikiwa na abiria 102 mbali na mabaharia. Takribani nusu ya abiria walitoka katika kundi la Kikristo lililojitenga na Kanisa la Uingereza. Wengi wao walihamia Uholanzi kati ya 1607 na 1608, wakakaa Amsterdam kwa muda mfupi, kisha tangu 1609 wakaishi katika mji wa Leiden. Hao ndio watu ambao siku hizi huitwa Mahujaji. Nusu nyingine walikuwa wafanyakazi, mafundi, watumishi na familia zilizosajiliwa kwa msaada wa wafanyabiashara wa London waliogharimia safari, watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Kanisa la Uingereza na walikwenda kutafuta maisha. William Bradford, ambaye baadaye alikuwa gavana na ndiye aliyeandika habari nyingi tunazozijua, aliwaita “wageni”. Hapo dai la kwamba wote walikuwa wakimbizi wa dini linaanguka, na litufae kukumbuka kwamba mgawanyiko huo ndio uliozaa mapatano yenyewe: watu wa kanisa moja, wanaojuana kwa miaka kumi na zaidi na wanaomsikiliza mzee mmoja, wasingehitaji karatasi ya kuwakumbusha kumtii.

Hati waliyokuwa nayo ilitolewa na Kampuni ya Virginia. Ukomo wa eneo la kampuni hiyo upande wa kaskazini ulikuwa latitudo ya nyuzi 41, na walikusudia kukaa karibu na mdomo wa mto Hudson, mahali ambapo leo ni jirani na jiji la New York. Baada ya siku zaidi ya sitini baharini waliona nchi kavu tarehe 9 Novemba kwa kalenda ya Kiingereza ya wakati huo, ambayo ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku kumi. Ndiyo sababu vitabu vingine huandika 19 Novemba. Nchi waliyoiona ilikuwa Cape Cod, iliyoko karibu na nyuzi 42. Waligeuza meli kuelekea kusini, lakini muda haukupita mrefu wakajikuta kati ya mafungu ya mchanga na mawimbi yanayovunjika, hatari iliyokuwa kubwa kiasi kwamba waliona afadhali kurudi. Majira ya baridi yalikuwa yameingia na mabaharia walitaka kuwashusha waende zao. Tarehe 11 Novemba walitia nanga katika ghuba ambayo leo ni bandari ya Provincetown.

Hapo hati yao ikawa karatasi tupu. Kuna jambo jingine ambalo halikuwa mbele ya macho yao siku hiyo: tarehe 3 Novemba, siku nane tu kabla ya kutia nanga, Mfalme James alikuwa ametia muhuri hati kubwa iliyoiweka pwani hiyo yote chini ya chombo kipya kilichoitwa Baraza la New England. Kwa hiyo walikuwa wametua kwenye ardhi ambayo, kwa sheria ya Kiingereza, ilikuwa na mwenyewe ambaye hawajawahi kumwomba lolote.

Baadhi ya “wageni” waliliona pengo hilo haraka kuliko viongozi walivyotarajia. Bradford anaeleza kwamba melini yalisikika maneno ya uasi: kwamba wakishafika nchi kavu wataufuata uhuru wao wenyewe, kwa kuwa hakuna mwenye uwezo wa kuwaamuru, hati waliyonayo ikiwa ya Virginia na si ya New England. Msomaji asiipite haraka sentensi hiyo. Neno uhuru katika kisa hiki halimo vinywani mwa walioandika mapatano. Limo vinywani mwa wale ambao mapatano yaliandikwa ili kuwazuia. Tena hoja yao ya kisheria ilikuwa nzuri. Kama mamlaka ya kiongozi yanatokana na hati, na hati haifanyi kazi hapa, basi kiongozi hapa ni mtu kama wewe na mimi.

Huenda hoja hiyo haikuwa ngeni kwa abiria mmoja, Stephen Hopkins. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye yuleyule Stephen Hopkins aliyekuwa katika meli ya Sea Venture iliyovunjika Bermuda mwaka 1609 ikielekea Virginia. Huko Bermuda alianza kuwaambia wenzake kwamba uwezo wa gavana ulikwisha meli ilipovunjika, na kwamba sasa kila mtu yuko huru na utii wowote. Alishtakiwa kwa uasi, akahukumiwa kufa, naye akalia na kuomba kwa ajili ya mke na watoto wake mpaka akasamehewa. Miaka kumi na mmoja baadaye alikuwa ndani ya Mayflower na mke mwingine, aliyejifungua mtoto wa kiume katikati ya safari, mtoto aliyepewa jina Oceanus. Hakuna andiko linalosema kwamba Hopkins ndiye aliyeyaanzisha maneno ya uasi safari hii, wala simsingizii. Jina lake limo miongoni mwa waliotia sahihi.

Viongozi wangeweza kujaribu njia ya nguvu, lakini wanaume wenye silaha walikuwa wa pande zote mbili, na kikundi kilichogawanyika kisingemaliza baridi ya mwaka ule. Wakachagua njia nyingine. Kabla mtu yeyote hajashuka kwenda kukaa nchi kavu, waliandika karatasi yenye maneno yapatayo 200, na wanaume 41 wakatia sahihi. Maudhui yake kwa Kiswahili ni haya: kwa jina la Mungu, sisi ambao majina yetu yameandikwa hapa chini, raia watiifu wa Mfalme James, tuliosafiri kwa utukufu wa Mungu, kwa kuieneza imani ya Kikristo na kwa heshima ya mfalme na nchi yetu ili kuanzisha koloni la kwanza katika sehemu za kaskazini za Virginia, tunawekeana agano mbele za Mungu na mbele ya kila mmoja wetu, tunajiunganisha kuwa umoja mmoja wa kiraia kwa ajili ya utaratibu mwema na usalama wetu, na kwa nguvu ya agano hili tutatunga, kila inapohitajika, sheria na kanuni za haki na zilizo sawa, na kuweka nyadhifa zitakazofaa kwa manufaa ya wote, nasi tunaahidi kuzitii.

Ni hayo tu. Tazama yasiyokuwamo. Hakuna kifungu kinachoeleza gavana atachaguliwaje na kwa muda gani, hakuna mahakama, hakuna orodha ya haki za mtu, hakuna hata sheria moja. Ndiyo maana kuiita katiba ni kuibebesha mzigo usio wake. Anayetaka mfano wa karibu awaze kikundi cha kuweka na kukopa siku ya mkutano wake wa kwanza, watu ishirini chini ya mwembe, katiba ya kikundi haijaandikwa, kiasi cha hisa hakijapangwa, faini ya kuchelewa haijajulikana, na bado kila mmoja anasimama na kusema: nimekubali kuwa mwanakikundi, na yale tutakayoyapitisha yatanibana hata siku nitakapopigiwa kura nikashindwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Mapatano ya Mayflower yalikuwa ahadi ya kutii sheria ambazo bado hazijatungwa, iliyotolewa na watu ambao hakuna aliyekuwa na uwezo halali wa kuwalazimisha.

Dai la kwamba walimkana mfalme nalo linajibiwa na karatasi yenyewe, ambayo inamtaja James mwanzoni kwa unyenyekevu wote wa lugha ya wakati ule na kumtaja tena mwishoni katika kuandika tarehe. Angalia pia kwamba waliendelea kuandika “sehemu za kaskazini za Virginia” hali wakijua wamelivuka eneo la hati yao. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa busara ya watu wasiotaka kuonekana wahuni: kama siku moja ingesomwa London, isomeke kama kazi ya raia wema waliopotea njia kidogo.

Wazo hilo walilipata wapi? Si kwa wanafalsafa, kwa kuwa vitabu maarufu vya Kiingereza kuhusu mkataba kati ya watu na serikali vilikuja miongo kadhaa baadaye. Walilipata kanisani. Kundi la Leiden lilikuwa limejiunda kwa agano: waumini walisimama na kuahidiana mbele za Mungu kuwa kanisa moja, bila askofu aliyewateua wala mfalme aliyewaruhusu. Mchungaji wao, John Robinson, aliyebaki Leiden, aliwaandikia barua ya kuwaaga akiwakumbusha kwamba wanakwenda kuwa umoja wa kiraia wenye serikali yake, na kwamba kwa kuwa hawana miongoni mwao watu wa ukoo mkubwa kuliko wengine, wawachague kwa hekima watakaowaongoza kisha wawape heshima na utii. Kilichofanyika melini kilikuwa kuichukua desturi ya kanisa na kuitumia kwa watu ambao si wa kanisa hilo. Kwangu mimi huo ndio upya wa jambo hili: lile walilolijua kama agano la waumini likawa mapatano ya majirani, miongoni mwao wapo wasiopendana.

Nani walitia sahihi? Wanaume watu wazima karibu wote, wakiwamo hata baadhi ya watumishi waliofungwa na mikataba kwa mabwana wao, jambo lisilo la kawaida kwa zama zile. Wanawake hawakutia sahihi, wala watoto, ingawa maamuzi yote yaliwahusu. Siku hiyohiyo walimchagua, au walimthibitisha, John Carver kuwa gavana kwa mwaka mmoja.

Ahadi kama hiyo hupimwa siku mtu anapoivunja, na kumbukumbu chache zilizobaki zinatuonyesha siku hizo kwa karibu. Mwezi Machi 1621 John Billington, mmoja wa waliotia sahihi, alikataa amri ya Kapteni Myles Standish na kumtukana. Hakuna askari aliyetoka London kuja kumkamata. Aliitwa mbele ya kundi zima, likamhukumu kufungwa shingo na visigino pamoja, na aliponyenyekea na kuomba radhi akasamehewa kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza la aina hiyo. Mwezi Juni watumishi wawili wa yuleyule Stephen Hopkins, Edward Doty na Edward Leister, walipigana kwa panga na visu mpaka mmoja akaumia mkono na mwingine paja. Kundi zima likawahukumu kufungwa vichwa na miguu pamoja kwa saa 24 bila chakula wala maji. Haikupita saa moja, kwa maumivu waliyokuwa nayo, wakaomba huruma, bwana wao akawaombea, wakaahidi kujirekebisha na gavana akawafungulia. Hao wawili nao walikuwa wameweka sahihi zao kwenye karatasi ya melini. Hopkins, kama ndiye yule wa Bermuda, alisimama safari hii upande wa kuwaombea wengine msamaha.

Kisa cha Billington kiliishia pabaya. Mwaka 1630 alimpiga risasi kijana mmoja aliyeitwa John Newcomen na kumuua, na baraza la wazee wa mahakama likamwona ana hatia ya mauaji. Hapo swali la zamani likarudi: je, sisi tuna uwezo wa kumnyonga mtu? Gavana Bradford na wenzake hawakujiamini kiasi cha kuamua peke yao. Walitafuta ushauri wa John Winthrop, gavana wa koloni jipya la Massachusetts Bay lililokuwa na hati ya mfalme, naye pamoja na watu wenye ujuzi wa koloni hilo wakakubali kwamba lazima afe. Akanyongwa. Miaka kumi baada ya mapatano, ridhaa ya wanachama ilitosha kumfunga mtu kamba kwa saa moja. Kuhusu kamba ya shingoni bado walitaka mtu mwenye hati aseme ndiyo.

Bradford mwenyewe aliandika kwamba mapatano yale, kwa hali waliyokuwa nayo, yangeweza kuwa imara kama hati yoyote, na kwa namna fulani hata kuizidi. Lakini walifanya kama watu wasiotaka kuijaribu kauli hiyo. Habari zilipofika Uingereza, waliowagharimia waliomba hati nyingine, nalo Baraza la New England likaitoa tarehe 1 Juni 1621. Ikawafikia Novemba mwaka huo kwa meli iliyoitwa Fortune. Kufikia wakati huo karibu nusu ya abiria wa Mayflower walikuwa wamekufa kwa maradhi na baridi, Carver akiwamo, na Bradford alikuwa amechaguliwa kushika nafasi yake. Kwa hiyo kipindi ambacho walijiendesha kwa nguvu ya mapatano pekee kilikuwa kama mwaka mmoja tu.

Hata hivyo hawakuitupa karatasi ya kwanza walipopata ya pili. Desemba 1623 walipitisha kanuni kwamba makosa ya jinai na madai ya deni yaamuliwe na watu kumi na wawili waaminifu walioapa. Na mwaka 1636, walipokusanya sheria zao zote pamoja kwa mara ya kwanza, walianza kwa kusoma mapatano yaliyofanywa Cape Cod pamoja na hati waliyopewa baadaye, kisha wakaandika kwamba wao, raia wa Uingereza waliozaliwa huru, hawatawekewa sheria wala kodi ila kwa ridhaa yao. Humo ndimo mnamo mambo ambayo watu huyatafuta katika karatasi ya 1620 wasiyaone: uchaguzi wa kila mwaka, nyadhifa, taratibu za mahakama. Anayetaka kuzungumzia katiba ya Plymouth, kama koloni lao lilivyoitwa, azungumzie 1636.

Tena hawakuwa wa kwanza. Walowezi wa Virginia walikuwa na baraza lililokutana kanisani Jamestown tarehe 30 Julai 1619, gavana pamoja na wajumbe 22 kutoka makazi 11, kikao kilichodumu siku chache tu kwa sababu ya joto kali. Tofauti ni kwamba baraza hilo liliitishwa kwa agizo la kampuni kutoka London, na kampuni ingeweza kulifuta. La Mayflower lilianzia chini. Mwezi uliofuata, Agosti 1619, karibu na Jamestown walishushwa Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola, na hakuna baraza lililowauliza ridhaa. Mbali zaidi nyuma, walowezi wa Iceland walianzisha baraza lao la pamoja, Althing, mnamo mwaka 930. Baada ya Plymouth njia ya mapatano iliigwa mara nyingi katika New England, kila mara kwa sababu ileile ya watu kujikuta mahali ambapo hati haifiki: Providence mwaka 1637 au 1638, ambako walikubaliana kutii katika mambo ya kiraia tu na kuiacha dini nje, na Connecticut mwaka 1639, ambako miji mitatu iliandika utaratibu kamili wa uchaguzi na nyadhifa bila kumtaja mfalme kabisa. Karatasi ya Connecticut, kwa kweli, inastahili jina la katiba kuliko ya melini.

Bado kuna upande ambao karatasi haikuutaja hata kwa neno moja. Mahali walipokwenda kujenga palikuwa kijiji cha Patuxet, cha Wawampanoag, wenyeji wa pwani hiyo, kilichobaki kitupu baada ya ugonjwa wa kuambukiza kuifagia pwani hiyo kati ya 1616 na 1619. Mashamba yalikuwa yamekwisha kusafishwa, na mtu wa Patuxet aliyebaki, Tisquantum, alisalimika kwa sababu mwaka 1614 nahodha Mwingereza alimteka na kumpeleka Hispania kuuzwa. Mapatano yenye ridhaa ya wanaume 41 yalipanga namna ya kuishi kwenye ardhi ambayo ridhaa ya wenyewe haikuwahi kuombwa. Kiongozi wa Wawampanoag, Ousamequin, ambaye Waingereza walimwita Massasoit, alifanya nao mkataba wa amani na kusaidiana Machi 1621, na mkataba huo ulidumu uhai wake wote; mwanawe Metacom aliingia vitani na walowezi mwaka 1675, akauawa mwaka uliofuata, na kichwa chake kikatundikwa mjini Plymouth kwa miaka mingi.

Mtu anaweza kuuliza, kama karatasi hii ilikuwa ya dharura na ya muda mfupi hivyo, sifa zake za leo zilitoka wapi. Zilikuja baadaye sana. Jina “Mayflower Compact” lenyewe halikutumika mpaka mwaka 1793, na mwaka 1802 John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, alitoa hotuba mjini Plymouth akiisifu kuwa huenda ndiyo mfano pekee katika historia ambamo watu walifanya kweli ule mkataba wa kijamii ambao wanafalsafa waliuwaza tu. Taifa changa lilikuwa linatafuta babu, na karatasi yenye maneno “sheria za haki na zilizo sawa” ilifaa. Karatasi yenyewe, ile iliyoguswa na mikono yao, ilipotea. Maneno tunayoyasoma yalichapwa London mwaka 1622 na yamo pia katika maandishi ya Bradford, lakini orodha ya waliotia sahihi ilichapwa kwanza mwaka 1669, karibu nusu karne baada ya tukio.

Wa mwisho kufa kati ya wale 41 alikuwa John Alden, fundi wa mapipa aliyeajiriwa melini, ambaye alifariki mwaka 1687. Katika maisha yake yote marefu koloni la Plymouth halikupata hati ya mfalme, ingawa liliiomba. Miaka minne baada ya kifo chake, Oktoba 1691, Mfalme William na Malkia Mary walitoa hati kwa Massachusetts, na ndani ya mipaka iliyoandikwa humo, Plymouth ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyotajwa kuwa ya Massachusetts.